Nyuma ya Karatasi ya Mitondooni

Mlandizi, usiku

Mwanangu Sikudhani,

Sabuni, chumvi, shuka la pili, na jinsi ya kumbana kondakta mpaka akupe kiti, hayo yote shangazi yako amekuhubiria tangu Jumapili, na hata sasa namsikia huko uani anaihubiria ndoo. Mimi sitayagusa. Ukisahau sabuni utaazima kwa wenzako. Nimewasha kibatari na kukaa mezani kwa sababu ya lile jambo la leo wakati wa chakula, na najua umekwenda kulala umenuna.

Uliuleta mezani ule mzigo uliotumiwa na chuo. Jalada jeusi lenye vyuma, karatasi za sheria ndani yake, na fomu ya kusaini. Ukaisoma fomu kwa sauti huku unacheka: mwanafunzi ameazimwa jalada hili, si mali yake, atakuwa akipokea karatasi mpya na kuzitoa za zamani, na siku akiacha chuo atarudisha kila kitu. Ukasema, "Jamani mama, hata sheria nayo inaazimwa kama sufuria ya shughuli?" Shangazi yako akacheka mpaka akapaliwa. Mimi nikaviona vile vyuma vinavyofunguka, nikanyanyuka nikaenda kusimama uani, ugali wangu nusu sahani. Uliponifuata kuniuliza nina nini, nikakukaripia mbele ya majirani. Nisamehe. Sikukukasirikia wewe. Niliogopa, na mimi nikiogopa huwa nakaripia, ndivyo nilivyo.

Unajua kwamba kabla ya kuhamishiwa Kibaha na kuja kupanga hapa Mlandizi, nilikuwa karani wa mahakama ya mwanzo kule Mitondooni, ndani kabisa, njia ya Chole. Kazi yenyewe sijakusimulia. Sasa unakwenda kusomea uhakimu, na jalada kama lile nililolishika mimi umeshalipakia kwenye sanduku. Basi soma.

Nilipoanza kazi, miaka michache baada ya Uhuru, sheria zilikuwa vitabu. Vitabu vizito vilivyoachwa na Mwingereza, vimesimama kabatini vinanuka popo. Vilikuwa mali ya mahakama. Mende walivila, sisi tukavisoma, na hakuna aliyekuja kuvidai. Ubaya wake ni kwamba kitabu kikishashonwa kimeshonwa. Sheria inabadilishwa Dar es Salaam, kitabu hakina habari, na hakimu anamfunga mtu kwa kosa ambalo si kosa tena.

Ndipo yakaja majalada. Unafungua vyuma, unatoa karatasi moja bila kuzigusa nyingine, unaweka mpya, unafunga. Tarishi anakuja na baiskeli analeta bahasha ya kaki: toa ukurasa huu, weka huu. Wa zamani uchomwe siku hiyo hiyo. Halafu unasaini kikaratasi cha kukiri kwamba umefanya hivyo, kinarudi Dar. Sisi makarani kazi hiyo tuliiita kuvisha. Hakimu hakai kwenye kiti kabla hajauliza, "Jalada limevishwa?" Nami najibu, "Limevishwa, Bwana Hakimu." Hapo ndipo anaketi, na kesi inaanza.

Nilikuwa naringa na kazi ile, we acha tu! Wanawake wenzangu walikuwa wanajua kuvisha watoto, mimi navisha Serikali. Lakini ilikuwa na kitu ndani yake kilichokuwa kinanisisimua mwili. Ukurasa mpya unakuja na namba ile ile, herufi zile zile, unakaa palepale alipokuwa amekaa marehemu, na mgeni hawezi kujua kwamba kuna aliyetoka. Ule wa zamani nauchoma nyuma ya jengo. Mara nyingine upepo unanyanyua kipande kabla hakijashika moto sawasawa, nasoma neno moja, labda "isipokuwa", labda "mjane", halafu kinakuwa jivu. Nasimama pale najiuliza, huyo mjane sasa atakwenda wapi? Kisha naingia ndani kuendelea na kazi.

Ndani ya jalada, kwenye gamba lake, walikuwa wamebandika masharti. Jalada hili limeazimwa kwa Mahakama ya Mwanzo Mitondooni. Lisitolewe nje ya mahakama hiyo. Mahakama ikifutwa, lirudishwe. Nilikuwa nayapita maneno hayo kila siku kama mtu anavyopita kizingiti cha nyumba yake.

Halafu ikaja operesheni ya vijiji. Ulikuwa darasa la pili, utakuwa unakumbuka lori na kuku waliofungwa miguu. Mitondooni yote ilihamishiwa kijiji kipya kando ya barabara. Sitakudanganya kwamba kila mtu alilia. Bibi yako alifurahi, maana bomba la maji lilikuwa karibu na zahanati imeahidiwa. Wengine walipanda lori kimya. Wale waliosuasua walivuliwa milango na mabati ili wasirudi nyuma.

Mahakama ikabaki kule kule. Kijiji kipya hakikuwa na jengo, na hakimu wetu, mtu wa bara, mrefu, mpole, alikuwa anaogopa karatasi kuliko simba.

"Bibi Karani," akaniambia, "imeandikwa lisitolewe nje. Mimi silitoi."

"Sasa Bwana Hakimu, mahakama iko porini, watu wako barabarani. Tutafanyaje?"

"Utalifuata."

Basi nikawa nalifuata mimi, yeye akingoja apate gari la kumfikisha huko. Kila Alhamisi asubuhi natoka kijiji kipya na kikapu changu kichwani, nakwenda kuvisha jalada katika kijiji kisicho na mtu. Na tarishi naye alikuwa akiileta bahasha huko huko, kwa sababu ndivyo juu ya bahasha palivyoandikwa. Anaisukumiza chini ya mlango na kukanyaga baiskeli bila kugeuka nyuma. Aliniambia mwenyewe kwamba alikuwa anapiga kengele njia nzima, na hajui anampigia nani.

Mwanangu, kijiji kilichohamwa si kama pori. Pori lina sauti zake umezizoea. Pale kila kitu kilikuwa kinakutazama kwa mazoea ya zamani. Majiko ya mafiga matatu yamekaa barazani, tena na masizi mabichi. Milango hakuna, kwa hiyo ukipita unaona mpaka uani, nyumba baada ya nyumba, na kila mara unakuwa na hakika kwamba kuna mtu ameondoka sasa hivi tu kwenye ule mwanga wa nyuma. Kuku walioachwa walikuwa wamejifunza kulala mitini na hawakuwa wanawika. Nilikuwa nasema "Hodi" kwa sauti nikifika penye nyumba ya jirani yetu wa zamani. Siwezi kukuambia kwa nini. Nisingesema hodi ningeona nimefanya utovu wa adabu.

Siku moja shule zimefungwa ukagoma kubaki na bibi yako, nikakuchukua. Tulipofika penye kisima ukanishika kanga.

"Mama, nani anatwanga?"

"Hakuna anayetwanga. Twende."

"Anatwanga. Sikiliza."

Nikasimama. Kweli. Twi, twi, twi, pole pole, saa sita ya jua kali, kwenye kijiji ambacho mimi mwenyewe nilikihesabia watu kwenye malori. Ningekuwa peke yangu ningekimbia, lakini mtu hawezi kukimbia mbele ya mtoto wake. Tukaifuata sauti mpaka kwenye nyumba isiyo na paa, na ndani yake kuna mzee amevaa kanzu iliyochakaa, ameshika mchi, anatwanga kisamvu mwenyewe.

"Shikamoo babu," nikasema, na sauti yangu ilitoka nyembamba kuliko yako.

"Marahaba. Wewe ndiye Bibi Karani. Na huyu?"

"Mwanangu."

"Asiogope. Natwanga ili nyumba isikike. Nyumba isiyotwanga watasema imekufa."

Huyo ndiye Mzee Kondo. Mkewe alikuwa amefariki siku chache kabla ya operesheni, naye akawaomba mwenyekiti na mgambo wamwache mpaka arobaini ipite. Wakamkubalia. Siku alipokwenda makaburini wakaja wakamvua mabati yote wakaenda nayo. Mzee yule hakupiga kelele. Alikuja mahakamani, akafungua madai dhidi ya mwenyekiti wa kijiji: nirudishiwe mabati yangu. Mimi ndiye niliyemwandikia. Na kwa sababu alikuwa na kesi, mgambo walikuwa wanampita mbali. Walikuwa wakisema, "Ana shauri mahakamani yule, mwacheni liishe kwanza." Kwa hiyo kesi ile ndiyo iliyokuwa inamweka nyumbani kwake, karibu na kaburi la mkewe. Paa hakuwa nalo. Alikuwa analala kwenye kona moja, chini ya makuti machache.

"Kwa nini usiezeke makuti nyumba nzima, babu?" nilimuuliza. "Minazi imejaa."

"Nikiezeka makuti nitakuwa nimekubali kwamba mabati yamekwenda."

Kiburi kitupu! Nilimpenda mzee yule siku ile ile.

Kuanzia hapo kila Alhamisi nikawa naikuta mahakama imefagiwa. Yeye ameketi kwenye benchi la mdai, mikono magotini, anangoja aitwe. Nikifungua bahasha ananiuliza, "Leo imesemaje?" Kusoma alikuwa hajui. Nami namweleza: leo ni mizani za wafanyabiashara, leo ni ada ya kufungua mashauri. Anasikiliza yote kwa makini, na mwisho anasema, "Yangu bado." Kisha ananisindikiza mpaka kisimani.

Halafu ikaja bahasha ile.

Ulikuwa ukurasa wa jedwali, majina ya mahakama zote za mwanzo za wilaya. Nikashuka na kidole. Chole ipo. Msimbu ipo. Mitondooni haipo. Hawakuikata kwa wino, Siku mwanangu. Ningeona imekatwa kwa wino ningeumia kidogo tu. Majina ya chini yalikuwa yamesogea juu, kama watu kwenye benchi mwenzao akinyanyuka, na usingejua kwamba kuna aliyekuwepo. Nimeketi ndani ya jengo lenyewe, naegemea meza yake, nasikia harufu ya sakafu iliyomwagiwa maji, na karatasi inaniambia hapa si mahali.

"Leo imesemaje?" akauliza Mzee Kondo.

"Leseni za mbwa, babu."

"Mbwa tena? Hawa watu wa Dar wana mbwa wengi." Akacheka.

Nikaikunja ile karatasi haraka haraka, nikaitia kikapuni chini ya mihogo, na ukurasa wa zamani nikauacha palepale penye jina letu.

Usinione mjinga. Sisi wote, na hakimu akiwemo, tulikuwa na msemo wetu wa kazi kwamba sheria ni iliyomo ndani ya jalada. Isiyovishwa haijafika. Niliamini hivyo kama ninavyoamini kwamba chungu kisichopikwa hakishibishi. Nikasema moyoni, nikiuvisha ukurasa huu mahakama inakufa, kesi inakufa nayo, na kesho mgambo wanambeba mzee wa watu msobemsobe. Nisipouvisha, mahakama itaishi mpaka hakimu aje kusikiliza. Nilimwonea huruma, mwanangu. Moyo uliniuma kweli kweli. Kikaratasi cha kukiri sikukituma. Walipoandika kunikumbusha, nikachoma walichoandika.

Zikapita Alhamisi nyingi. Na kuanzia pale, mahakama ile ilibadilika, au mimi ndiye niliyebadilika. Nilikuwa nikifungua mlango nahisi nimeingia nyumba ya watu wasionitaka. Saa ya ukutani ilikuwa imesimama zamani, lakini sasa nilikuwa naikwepa kuitazama. Nikigonga muhuri, jengo zima linaitika, na mwitiko unakawia kidogo, kama kuna mtu chumba cha pili anagonga wa kwake. Mzee Kondo peke yake ndiye hakuwa na habari. Amefagia, ameketi, anangoja.

Mwishowe hakimu akaja, na Landrover ya kuazima, pamoja na wazee wa baraza wawili. Mwenyekiti naye akaitwa. Watu wote mle ndani ungewakalisha kwenye mkeka mmoja.

"Jalada limevishwa?" akauliza hakimu, mkono juu ya kiti.

Nikamtazama Mzee Kondo. Alikuwa amevaa kanzu safi.

"Limevishwa, Bwana Hakimu."

Akaketi. Akasema, "Kimya mahakamani!" kwa mazoea tu, na hakuna hata aliyekuwa anapumua. Popo mmoja alizunguka kichwani mwake akatoka kwa dirisha. Mzee Kondo akaeleza, mwenyekiti akaeleza, kwamba mabati yamewekwa kwa ajili ya shule ya kijiji kipya. Wazee wa baraza wakanong'ona. Hakimu akasoma hukumu: mabati arudishiwe mwenyewe. Jamani! Mzee yule alikuja mbele ya meza akanishika mkono mimi, si hakimu, akaubana.

Na mwenyekiti alitii, maana muhuri ulikuwa umegongwa. Mabati yakarudi, mafundi wakayapigilia. Alhamisi iliyofuata mvua ilinikuta kwa Mzee Kondo, nikakaa ndani na kuisikia inavyopiga juu. Alicheka peke yake, akaniambia mkewe alikuwa hapendi kelele ile, alikuwa akisema bati linasengenya. Nilirudi nyumbani nimelowa nimejaa furaha, nikaona mimi ndiye mtu mwenye akili kuliko wote wilaya nzima ya Kisarawe.

Mwenyekiti alikwenda kulalamika wilayani. Huko wakafungua jalada lao, na la kwao lilikuwa limevishwa. Wakauliza, mahakama gani hii?

Hakimu alirudi uso wake umekuwa kama majivu. Alinikuta kule kule, Alhamisi, nagonga mihuri. Hakukaa. Aliinamia meza.

"Bibi Karani, siku ile tulipoketi hapa, sisi hatukuwepo."

"Tulikuwepo, Bwana Hakimu. Mimi, wewe, wazee..."

"Hatukuwepo! Sheria ya kuifuta mahakama ilianza kazi siku ilipotangazwa Dar, si siku ulipofungua bahasha. Mahakama ilikuwa imekufa zamani. Mimi nilikuwa mtu nimeingia kwenye jengo tupu nikaanza kupiga kelele, na wewe ukagonga muhuri wa marehemu." Akafuta jasho. "Hawakuibatilisha hata hukumu yangu. Wanasema hakuna cha kubatilisha."

Mmoja wa wale wazee wa baraza, aliposikia, aliapa hatapita tena karibu na jengo lile, na mpaka anakufa hakupita. Alikuwa akisema yeye ameshakaa na wafu na kuwasaidia kuamua.

Hakimu akaniambia nivishe ule ukurasa mbele ya macho yake. Nikautoa kikapuni. Ulikuwa unanuka mihogo. Nikafungua vyuma, na ili matundu yakae sawa ni lazima uugeuze. Nikaugeuza. Nyuma kulikuwa na maandishi.

Sikuwa nimegeuza, Siku. Tangu siku ile ya kwanza. Niliona jina letu halipo, moyo ukanilipuka, nikakunja. Maneno ya nyuma yalikuwa ya Kiingereza kirefu cha kisheria, na hakimu akaanza kunitafsiria, na kadiri alivyosoma ndivyo alivyozidi kwenda pole pole. Mtu yeyote mwenye shauri katika mahakama iliyofutwa anaweza kuomba shauri lake lihamishiwe mahakama ya jirani, nalo litaendelea pale lilipofikia. Aombe katika miezi mitatu tangu kutangazwa.

Miezi mitatu ilikuwa imeshapita.

"Hukugeuza?" akaniuliza hakimu, taratibu, bila ukali.

"Sikugeuza."

Wakati wote ule, Alhamisi zote zile nilizokuwa namdanganya habari za mbwa, njia yake ilikuwa wazi. Chole wangemsikiliza. Watu walio hai, kwenye mahakama iliyo hai, na hukumu ambayo hakuna mtu angeweza kuipuliza. Karatasi niliyoiona ni kisu kwa Mzee Kondo ilikuwa imebeba dawa yake mgongoni, na mimi niliifunika kwa mihogo kwa mapenzi.

Mengine yaliyonipata mimi si kitu. Nilipewa onyo, hakimu akahamishwa, jalada likarudishwa Dar, wakalihesabu karatasi moja moja kabla ya kunisainia.

Kabla ya hapo nilikwenda kwa Mzee Kondo. Nilimkuta amekaa mlangoni, chini ya mabati yake. Nikapiga magoti, nikamwambia yote, nikamsomea karatasi mbele na nyuma kwa Kiswahili. Alisikiliza kama kawaida yake, mikono magotini.

"Huko nyuma soma tena," akasema.

Nikasoma tena.

"Hii ndiyo ile ya mbwa?"

"Ndiyo hii, babu."

Akaichukua karatasi, akaigeuza mbele na nyuma. Kisha akasema, "Ulinionea huruma."

"Ndiyo, babu. Nilikuonea huruma."

"Huruma yako sikuihitaji, binti. Nilihitaji kusomewa."

Hakusema kwa hasira. Angenitukana ningeshukuru. Aliingia ndani, na baada ya kitambo nikasikia mchi: twi, twi, twi. Nikaondoka na sauti ile mgongoni mpaka nikapita kisima, na nakuambia kweli, mara nyingine hapa Mlandizi, malori yakipungua barabarani, naisikia.

Siku zilizofuata mgambo wakaja wakayavua mabati kwa mara ya pili, wakambeba na yeye. Kesi yake haikushindwa wala haikushinda. Sijui iko wapi. Kuna siku nafikiri bado iko mahali inangoja kuitwa.

Sasa wewe unaondoka, na najua tabia yako. Una huruma, tena ile ya papo kwa papo, umeichukua kwangu, na siwezi kukuambia uitupe kwa sababu mimi mwenyewe sijaweza kuitupa yangu. Utakuja kukaa mbele ya watu wasioweza kusoma kilicho mkononi mwako, na kilicho mkononi mwako kitakuwa kimebadilika juzi, na kitabadilika tena. Kuna siku utaona kinamuumiza mtu, na utatamani kumfichia. Siku hiyo ukumbuke tu kwamba mama yako alishafanya hivyo, akawa na furaha kabisa, na mvua ikanyesha.

Kuna jambo moja limebaki, na hili ndilo lililonitoa mezani leo.

Utakumbuka ulipokuwa darasa la tatu, shule ya kijiji kipya, kulikuwa na mzee aliyekuwa anakuja mvua ikianza. Hakuwa anaingia. Alikuwa anasimama nje, ameegemea ukuta wa darasa lenu, analowa, mpaka mvua ikatike. Mlikuwa mnamwita Mzee Mvua. Wengine mlisema ni jini, mkawa mnamrushia vijiwe, na siku moja ulirudi nyumbani unacheka kwamba umempata mguuni. Nilikuchapa siku ile kuliko siku zote za maisha yako na sikukuambia kwa nini. Ulikuwa umeshamsahau yule mzee wa kisamvu, nami niliona heri umsahau.

Chumba kile ndicho ulichojifunzia kusoma sawasawa, Siku. Mabati yaliyokuwa juu yenu yalikuwa ya Mzee Kondo. Alikuwa anakuja kuisikiliza nyumba yake.

Mama yako